Magamba ya abaloni kutoka Msimbati: spishi moja, tatu, au watoto wa gamba la babu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Msimbati, Mtwara. Mama na shangazi zangu hushuka mwambani wakati wa bamvua kutafuta pweza na kome, na mara kwa mara hurudi na magamba madogo yenye umbo la sikio. Ndani yanang'aa rangi zote. Nimekutumia picha za manne, refu kuliko yote lina sentimita nne na nusu. Matatu yana mstari wa matundu pembeni, nimehesabu 5, 6 na 9. La nne halina hata moja, nadhani yameziba. Nina pia gamba moja kubwa la sentimita 16 ambalo marehemu babu alilileta enzi za ubaharia wake, wala hakusema alilitoa wapi. Mnunuzi mmoja wa mjini anasema haya madogo ni watoto wa hilo kubwa, tukiyapata mengi tutapata pesa nyingi. Mwingine anasema ni spishi tatu tofauti, kwa kuwa moja ni la kijani, moja jekundu na moja la kahawia. Mtu anajuaje spishi kwa kuangalia gamba tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umepiga picha kila gamba nje na ndani, umeweka rula pembeni, na umesema yalikookotwa. Wengi hunitumia picha moja yenye giza na neno "hii ni nini?", kwa hiyo nakushukuru. Kwa picha hizi naweza kukujibu bila kuzunguka. Yale matatu yenye matundu ni ya spishi moja, Haliotis pustulata, abaloni mdogo wa pwani yetu. La nne si abaloni. Gamba la babu ni la Haliotis midae, abaloni mkubwa wa Afrika Kusini, na haya madogo hayakuwa watoto wake.

Nikueleze nilivyofika hapo, ili safari nyingine uweze kuamua mwenyewe hapohapo ufukweni.

Nianze na rangi, kwa sababu ndiyo iliyowachanganya zaidi. Abaloni ni konokono wa baharini anayekula mwani, na rangi ya chakula chake huingia katika gamba analolijenga. Akila mwani mwekundu kwa miezi kadhaa, gamba la kipindi hicho hutoka jekundu au la hudhurungi. Chakula kikibadilika, mkanda unaofuata hubadilika nao. Wafugaji wa abaloni wanalijua hili vizuri: wale wanaolishwa chakula cha kiwandani hutoa gamba la rangi tofauti kabisa na ndugu zao wa mwambani. Tazama tena gamba lako la kahawia, karibu na ukingo. Pana ufito mwembamba wa kijani. Mnyama ni yuleyule, alichobadilisha ni malisho. Kwa hiyo mtu akikutajia spishi ya abaloni kwa rangi ya nje peke yake, msikilize kwa adabu, kisha endelea kuangalia.

Alama inayofuata ni matundu, na hapa hesabu yako inahitaji kurudiwa kwa utaratibu. Liweke gamba kiganjani mgongo ukiwa juu, na kilele, yaani ile sehemu ya mwanzo iliyojizungusha, kikielekea kwako. Mstari wa matundu utakuwa upande wa kushoto. Maji huingia chini ya gamba upande wa kichwa, hupita kwenye matamvua, yaani viungo vyake vya kupumulia, kisha hutoka kwa matundu hayo yakibeba uchafu na, wakati wa kuzaa ukifika, mayai au mbegu. Tundu jipya huanza kama pengo dogo kwenye ukingo wa mbele. Gamba linapokua, pengo hufungwa kwa mbele na kuwa tundu kamili. Huku nyuma, yale ya zamani huzibwa moja baada ya jingine. Ndiyo maana kwenye mgongo wa gamba unaona safu ndefu ya vinundu inayozunguka hadi karibu na kilele: kila kinundu ni tundu la zamani lililokwisha kazi.

Wataalamu huhesabu matundu yaliyo wazi tu. Chukua chelewa ya ufagio, uipitishe taratibu kila tundu. Inapopita, hesabu, isipopita, ruka. Pengo la ukingoni ambalo bado halijafungwa usilihesabu. Ukifanya hivyo kwa gamba lako jekundu, lile la matundu 9, utapata 5. Nimelikuza kwenye picha ya ndani: matatu ya nyuma yamezibwa na utando unaong'aa, yanaonekana kama vidimbwi vidogo. Linalobaki limekaa nje ya mstari, karibu na katikati ya mgongo, na kingo zake ni kali. Hilo halikutobolewa na abaloni. Ni kazi ya sponji wanaotoboa chokaa au viumbe wengine wa aina hiyo, na ukitazama pembeni yake utaona vitundu vingine kama vya sindano vimetapakaa ovyo. Tundu la abaloni mwenyewe lina mdomo laini uliomalizika vizuri, na liko kwenye mstari wake.

Kwa hiyo una 5, 6 na 5. Tofauti ya tundu moja ndani ya spishi moja ni ya kawaida kabisa, haikupi ruhusa ya kutaja spishi mpya. Idadi ya matundu husaidia pale tofauti inapokuwa kubwa, na hata hapo itazamwe pamoja na jinsi matundu yalivyoinuka. Haliotis rufescens wa California, kwa mfano, ana matundu wazi matatu au manne tu, na yameinuka juu ya gamba kama vifereji. Haliotis ovina, anayezoeleka mashariki mwa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki, ana gamba pana lililo bapa na matundu makubwa yaliyonyanyuka. Ya kwako ni madogo na yameinuka kidogo tu.

Sasa njoo kwenye uso wa gamba, ambako mimi hutumia muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwanza lisafishe kwa maji na mswaki laini. Usitumie ndimu wala siki. Gamba ni chokaa, na asidi itakula hasa zile alama unazozitafuta. Likikauka, liweke dirishani asubuhi ili mwanga uje kwa ubavu, usije kwa juu. Utaona mistari miinuko inayofuata mzunguko wa gamba, kutoka kwenye kilele kwenda ukingoni, minene na myembamba ikipokezana. Kisha utaona mikunjo inayoikata hiyo mistari kwa mshazari. Pale mikunjo na mistari inapokutana, kwenye gamba lako la kijani, pameota vinundu vidogo, vingine vimesimama vyenyewe kama chunjua. Pitisha ncha ya kidole kutoka kwenye kilele kwenda nje, utavihisi. Mwingereza Reeve, mtaalamu wa magamba, alipolielezea gamba hili mwaka 1846 aliliita pustulata kwa ajili ya vinundu hivyo.

Gamba lako la kahawia lina vinundu vichache na linaonekana laini, ndiyo sababu yule wa pili akaona ni spishi nyingine. Lakini angalia sehemu iliyo karibu na kilele: imesagika. Gamba hilo lilikaa mchangani likipigwa na mawimbi baada ya mnyama kufa, na mawimbi hula vinundu kabla ya kitu kingine chochote. Karibu na ukingo, mahali palipofunikwa na ule ukoko wa mwani mgumu wa waridi, mistari ipo na vinundu vipo. Gamba lililookotwa ufukweni lisomwe kwenye sehemu iliyosalimika.

Umbo nalo lina maneno yake. Pima urefu mkubwa kuliko wote, kisha upana mkubwa kuliko wote, na uangalie kilele kiko umbali gani kutoka ukingo wa nyuma. Haliotis asinina wa Asia ya Kusini-Mashariki na kaskazini mwa Australia ana gamba refu jembamba, laini, linaloweza kufika sentimita 12, na mwili wake ni mkubwa kuliko gamba hata haliwezi kumfunika. Umbo hilo halichanganyiki na jingine. Ya kwako ni ya duaradufu, yamebonyea, na kilele kipo nyuma kabisa, karibu na ukingo. Ndivyo ilivyo pustulata.

Ndani usitegemee sana rangi ya lulumizi, yaani ule utando unaong'aa, kwa kuwa rangi zile hutokana na tabaka nyembamba mno za chokaa zinazoakisi mwanga, na hubadilika kadiri unavyoligeuza gamba. Kuna kitu kimoja cha ndani kinachofaa kutazamwa: ule ubapa wa ukingo wa ndani, upande wa kilele, ni mpana kiasi gani na umelala vipi. Kwenye picha zako tatu umelala bapa na unateremka kuelekea ndani, sawasawa kwa yote matatu. Alama hii haibadilishwi na chakula wala haisagwi haraka na mawimbi, na ndiyo iliyonithibitishia kwamba yote matatu ni ya kundi moja.

Lakini alama iliyonisaidia kuliko zote uliiandika wewe mwenyewe: Msimbati. Duniani kuna spishi hai zaidi ya 50 za abaloni, zote katika jenasi moja ya Haliotis, na kama ningepewa magamba haya bila kuambiwa yalikookotwa ningelazimika kuyalinganisha na nyingi mno. Viluwiluwi vya abaloni havisafiri muda mrefu. Huishi kwa akiba ya kiini cha yai na hutafuta mwamba wa kutulia baada ya siku chache, wakichelewa sana ni wiki moja au mbili. Kwa hiyo kila sehemu ya bahari ina spishi zake. Haliotis pustulata ni wa huku kwetu, kuanzia Bahari ya Shamu hadi pwani ya Afrika Mashariki na Madagaska. Ukikuta mahali limeandikwa Haliotis rugosa pustulata usishtuke. Ni huyuhuyu, ila wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa tawi la Haliotis rugosa wa Morisi na Reunion, aliyepewa jina na Mfaransa Lamarck mwaka 1822.

Mshindani wake wa kweli kwenye pwani hii ni Haliotis unilateralis, ambaye naye alipewa jina na Lamarck mwaka huohuo. Ni mdogo zaidi. Gamba lolote lililo chini ya sentimita tatu usilikimbilie kulipa jina, lihifadhi na karatasi yake hadi upate mengine ya kulinganisha. Ya kwako yana sentimita nne na kuendelea, yana vinundu, na yamekomaa.

Nimesema yamekomaa, na hili linamjibu mnunuzi wako. Gamba la abaloni mchanga ni jembamba, ukingo wake ni mkali na hupukutika ukiubonyeza, na mistari ya kukua karibu na ukingo imeachana. Gamba la mtu mzima ni zito kwa ukubwa wake, ukingo umenenepa, na ile mistari imesongamana kwa sababu ukuaji umepungua. Lako la kijani lina mistari iliyobanana kiasi kwamba kwenye picha inaonekana kama mmoja mnene. Mnyama huyo alikuwa amemaliza kukua. Kwa kawaida pustulata hazidi sentimita sita hivi.

Gamba la babu ni habari nyingine. Mgongo wake umejaa mikunjo mipana inayopinda ovyo kama mawimbi, haina vinundu, na rangi yake ni ya tofali lililopauka. Urefu wa sentimita 16 hakuna abaloni wa miamba yetu anayeukaribia. Haliotis midae hufika sentimita 20 hivi, na huko kwao sheria imekuwa ikikataza kumchukua aliye na gamba lenye upana chini ya sentimita 11.4. Anaishi pwani ya Rasi, huko Afrika Kusini, kuanzia ghuba ya St Helena upande wa magharibi hadi Port St Johns upande wa mashariki, sehemu kubwa ikiwa maji baridi yenye misitu ya mwani mrefu. Bahari ya Mtwara ina joto la nyuzi 25 hadi 30. Hata mkondo haumleti. Mkondo mkubwa unaotoka mashariki ya Bahari ya Hindi hugonga pwani hapa kusini kwetu na kugawanyika, tawi moja likaelekea kaskazini kupitia Lindi na Kilwa, jingine likashuka Msumbiji kuelekea huko Rasi. Maji ya Rasi hayapandi kuja Msimbati. Babu yako alilipata gamba hilo ama bandarini kule kusini, ama kwa mtu aliyetoka huko. Mtunzie heshima yake: andika kwenye karatasi "Haliotis midae, limeletwa na babu, mahali lilikotoka hapajulikani", na kamwe usilichanganye na magamba ya Msimbati katika boksi moja lisilo na maandishi. Nimeona makusanyo mazuri yaliyopoteza thamani yote ya kisayansi kwa njia hiyo.

La nne nimelipenda. Lina umbo la sikio, lina lulumizi, lakini mstari wa matundu haupo, wala vinundu vya matundu yaliyozibwa havipo. Abaloni hata matundu yake yakiziba huacha alama. Hili ni la kundi la Stomatia na Stomatella, majirani wa abaloni wanaoishi chini ya mawe yaleyale. Shangazi akimkuta hai atamtambua upesi, kwa sababu baadhi yao wakishikwa hukata kipande cha nyuma cha mguu wao na kukimbia. Abaloni hafanyi hivyo, yeye hujibana kwenye jiwe hata ushindwe kumbandua. Na ukiokota gamba bapa lisilojizungusha, lenye tundu moja tu juu kileleni na halina lulumizi ndani, hilo ni Diodora, achana nalo kama unatafuta abaloni.

Nimalizie na suala la pesa, maana nadhani ndilo lililokufanya uandike. Abaloni anayeuzwa ghali duniani ni nyama ya spishi kubwa. Nyama ya pustulata wa sentimita nne haitoshi hata kitafunwa, na hakuna umri atakaofikia akawa kitu kingine. Mtu akiwaambia akina mama wageuze mawe ya mwamba mzima kutafuta "watoto", anawapa hasara pande mbili. Abaloni huzaa kwa kumwaga mayai na mbegu majini, na wakitapakaa mbalimbali mayai hayakutani na mbegu. Huko California Haliotis sorenseni alivuliwa hadi waliobaki wakawa wametengana mno, na mwaka 2001 akawekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka Marekani, wa kwanza kati ya viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Mwambao wenu umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kabla ya kuokota magamba kwa ajili ya kuuza, nendeni kwanza kwa wahifadhi na ofisi ya uvuvi ya halmashauri mkaulize kinachoruhusiwa na leseni inayotakiwa.

Kwa kazi ya kutambua, magamba matupu yanatosha. Kila moja liwekee karatasi yenye jina la mahali, tarehe, na kama lilikuwa mchangani, mwambani au chini ya jiwe. Tumia penseli, wino hufutika ukilowa. Na bamvua ijayo shangazi akimkuta mmoja akiwa hai, asimbandue. Apige picha ya mgongo na ya upande, na ya vile vipapasi vinavyochungulia ukingoni kama vitaonekana, kisha alirudishe jiwe lilivyokuwa, upande wa chini ukiwa chini. Nitumie picha hizo, nitakujibu.